Inboksi imejaa takataka? Jinsi ya kuchuja na kubloku imeili usizozitaka bila kuipoteza ile unayoisubiri

Mwaka jana mdogo wangu aliomba kazi sehemu moja hapa mjini, akakaa anasubiri, wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu akakata tamaa akasema basi washachukua watu wao. Siku moja akaamua kupiga simu kuulizia, dada wa mapokezi akamwambia kaka mbona sisi tulikutumia imeili ya kuitwa usaili, ikarudi. Nikamwambia hebu lete hiyo simu. Aisee. Imeili ambazo hazijasomwa 11,000 na ushee, matangazo ya kubeti, kozi za bure, maduka ya mtandaoni aliyowahi kununua kava la simu mara moja tu, na juu kabisa kuna onyo kwamba nafasi imejaa.

Wengi hawaijui hii. Gmail inakupa GB 15 za bure lakini sio za imeili peke yake, zinagawanwa na picha zako za Google Photos na mafaili ya Google Drive, na zikijaa hutumi wala hupokei, anayekuandikia ndo anarudishiwa barua yake na wewe huambiwi kwamba kuna barua imekosa kuingia. Kwa hiyo mtu anakuwa na video za harusi ya binamu yake huko, juu yake miaka minne ya matangazo, halafu barua moja tu ya maana inakosa pa kuingia.

Ndo maana nikisikia mtu anasema "mi imeili zangu siangalii, ni takataka tupu" huwa naumia kweli. Huko kwenye takataka ndo barua ya chuo inapokaa, ndo ya kazi, ndo ya viza. Kinachotakiwa ni kuzitoa takataka njiani ili hiyo moja ionekane, na kazi yote ni kama saa moja na nusu hivi, ukishaifanya imeisha, baadaye ni marekebisho madogo tu. Nitaongelea Gmail zaidi maana ndo wengi tunayo kwa sababu ya simu za Android, na majina ya vitufe nayaandika kama yanavyotokea kwenye simu iliyowekwa Kiingereza. Kama ya kwako iko Kiswahili fuata mahali kitufe kilipo, ni palepale.

Kabla hujabonyeza chochote jua kwanza unachopambana nacho, maana dawa hazifanani. Kuna matangazo uliyoyakubali mwenyewe, labda bila kujua, ulipojaza fomu au ulipojiunga na wi-fi ya hotelini, hawa wanajulikana walipo na ukiwaambia acheni wanaacha. Kuna spamu yenyewe, watu wanaotuma kwa mamilioni ya anwani ambazo wamezinunua au wamezikwapua mahali, hawa ukiwajibu ndo umewaambia kwamba upo. Na kuna utapeli, barua inayojifanya benki yako au mwajiri wako. Watu wanakosea kwa kutumia dawa moja kwa wote, anabonyeza "Report spam" kwenye kila kitu mpaka barua za benki yake, halafu siku benki inamtumia kitu cha kweli kinaenda kulala kwenye spamu.

Tuanze na matangazo, maana ndo mengi kuliko yote. Fungua tangazo moja, angalia juu karibu na jina la aliyetuma, utaona neno "Unsubscribe", bonyeza hapo. Kuanzia Februari 2024 Google na Yahoo waliwabana watumaji wakubwa, kwa upande wa Gmail ni yule anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda kwenye akaunti za Gmail, kwamba lazima barua zake za matangazo ziwe na njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja tu na ombi lako lishughulikiwe ndani ya siku mbili. Asipofanya hivyo barua zake zinaanza kukataliwa au kutupwa spamu, kwa hiyo makampuni makubwa yanalitii hilo kwa sababu biashara yao iko hapo. Na tangu 2025 Gmail wameongeza ukurasa mmoja unaoitwa "Manage subscriptions", unaupata kwenye ile mistari mitatu ya kushoto juu, humo wanakuorodheshea wote wanaokutumia matangazo, anayetuma sana yuko juu, unawatoa mmoja mmoja ukiwa umekaa palepale. Mdogo wangu alitoa zaidi ya sitini jioni moja tukiwa tunasubiri wali uive.

Ila shika hili: tumia kile kitufe cha juu cha Gmail yenyewe, sio linki iliyoko chini kabisa ya barua, hasa kama humjui aliyeituma. Linki ya chini imewekwa na mtumaji na inaweza kukupeleka popote, wengine wanaiweka makusudi wajue nani anafungua, na wengine inakuleta kwenye ukurasa unaoomba paswedi. Ukiandika paswedi ya imeili yako hapo eti ili ujitoe, umeisha.

Na kama ni kampuni ya hapa nyumbani imekuganda, umejitoa mara tatu na bado inatuma, sheria ipo. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019, zote zinakupa haki ya kukataa taarifa zako zisitumike kukutangazia biashara, na malalamiko yanapelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa Tanzania au ofisi ya kamishna wa data kwa Kenya. Mi nimewahi kuiandikia kampuni moja barua ya mistari minne nikaitaja hiyo sheria kwa jina na mwaka wake, kesho yake nikajibiwa kwa heshima kabisa na matangazo yakakata.

Sasa kubloku. Kila mtu anakimbilia hapa na hapa ndo pana nguvu ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Kwenye simu unafungua barua, unabonyeza vidoti vitatu vilivyo mstari mmoja na jina la mtumaji, sio vile vya juu kabisa, unachagua "Block". Kinachotokea ni kwamba barua zake zijazo zitaenda moja kwa moja kwenye spamu, hazizuiwi mlangoni, zinaingia chumba kingine tu, na baada ya siku 30 zinafutwa zenyewe. Kwa mtu mmoja anayekusumbua, mfano mteja mwenye matusi au mtu mliyeachana asiyetaka kukubali, bloku inatosha kabisa na yeye hajulishwi. Lakini kwa spamu haisaidii kitu maana wale leo wanatuma kwa anwani hii kesho nyingine, utabloku mpaka vidole viume.

Kwa spamu dawa ni "Report spam", ile alama ya mshangao kwenye kompyuta, au vidoti vitatu vya juu kwenye simu. Ukiibonyeza Google inapata nakala ya hiyo barua na mashine yao inajifunza inavyofanana, sio anwani tu. Ukiwa unafuta tu kimyakimya bila kuripoti mashine haipati taarifa ya wazi kwamba hiyo ni spamu. Kwa hiyo jizoeze, takataka ya kweli ripoti, usifute.

Sasa tuje kwenye filta, hapa ndo pa kukaa. Filta ni amri unayoiacha: ikija barua ya namna hii, ifanye hivi. Unaiandika mara moja inafanya kazi mchana na usiku, hata simu ikiwa imezimwa. Shida ni moja, kwenye apu ya simu huwezi kuitengeneza, inabidi ufungue Gmail kwenye kompyuta, ila ukishaitengeneza inafanya kazi kote. Kama huna laptopu omba ya mtu au nenda steshenari, lakini kwenye kompyuta ya watu fungua dirisha la siri la brauza, yani incognito, ukikuta inauliza kama ihifadhi paswedi kataa, na ukimaliza usifunge tu dirisha, toka kabisa kwenye akaunti. Nasisitiza hili kwa sababu nimeshakuta imeili za watu watatu ziko wazi kwenye kompyuta moja ya steshenari, mpaka vyeti vyao naviona.

Ukishafungua, angalia boksi la kutafutia pale juu, mwisho wake kulia kuna kialama cha vimistari vyenye vidoti, bonyeza. Kitafunguka kifomu: "From" ni anayetuma, "To" ni anwani iliyotumiwa hiyo barua, "Subject" kichwa cha barua, "Has the words" maneno yaliyomo, "Doesn't have" maneno ambayo hutaki yawemo. Unajaza unachotaka, halafu, na hapa wengi wanaruka, usikimbilie kutengeneza filta, bonyeza kwanza "Search" uone inakamata barua zipi. Skroli kurasa mbili tatu. Ukiona imekamata barua ya shule ya mtoto ujue filta yako ni pana mno, rudi uibane. Ukiridhika ndo unarudi kwenye kile kifomu unabonyeza "Create filter", unaambiwa uchague cha kufanya: iruke inboksi, iwekewe lebo, ifutwe, isiende spamu kamwe, na kadhalika. Chini kuna kisanduku cha kuweka tiki ili amri hiyo ifanye kazi na kwa barua za zamani zilizokwishaingia, weka tiki, utashangaa inboksi inavyopumua.

Filta ya kwanza ninayowawekea watu wote ni hii. Kwenye "Has the words" andika unsubscribe. Basi. Matangazo mengi halali ya Kiingereza yana hilo neno chini yake, kwa hiyo umezikamata nyingi kwa neno moja. Kwenye "Doesn't have" andika usaili interview shortlisted application, maana kuna mifumo ya kuajiri inayotuma barua zake na hilo neno chini, na usipoweka hivyo utakuwa umeifukia ile barua tunayoitafuta. Kitendo chagua "Skip the Inbox" na lebo, mi naiita Matangazo. Usichague kufuta. Zikae huko, wikendi ukitaka kuona kama kuna punguzo la bei unaingia mwenyewe kwa hiari yako.

Ya pili ni ya kampuni nzima. Badala ya kubloku anwani moja moja, kwenye "From" weka kile kipande cha baada ya @ peke yake, kwa mfano @jinalakampuni.com, hapo hata wakituma kama info au news au promo wote wamekwama. Ya tatu ni ya maneno, kwa wale wa kubeti unaweza kuandika jackpot OR "free bet" OR "bonasi yako", hiyo OR iwe herufi kubwa na maneno mawili yanayokwenda pamoja yafungie kwenye alama za kunukuu. Angalia usiweke neno la kawaida kama bonasi peke yake ukachagua ifutwe, siku mwajiri anakuandikia kuhusu bonasi ya mwisho wa mwaka hutaiona. Na usitegemee neno nusu, Gmail inatafuta maneno mazima. Filta yoyote mpya ya maneno iache kwenye lebo wiki mbili kwanza, ikishaonyesha adabu ndo uipe ruhusa ya kufuta.

Filta ya nne ndo ninayoipenda kuliko zote, hii haizuii, inafungulia mlango. Umeomba kazi mahali, umeomba chuo, unasubiri ubalozi: chukua anwani yao kamili au kile kipande cha baada ya @, weka kwenye "From", halafu chagua "Never send it to Spam", iwekee nyota na lebo, mdogo wangu ya kwake ameiita MAJIBU kwa herufi kubwa. Ila usifanye hivi kwa @gmail.com au @yahoo.com nzima, utakuwa umewafungulia matapeli wote geti.

Baada ya hapo fagia za zamani, hukohuko kwenye kompyuta. Kwenye boksi la kutafutia andika category:promotions older_than:1y, zinakuja zote za matangazo zilizozidi mwaka, weka tiki kwenye kisanduku cha juu kushoto, kitatokea kimstari kinachosema uchague zote zinazolingana na utafutaji huo, sio zile hamsini za ukurasa tu, kibonyeze halafu futa. Kisha andika larger:10M uone barua zenye viambatanisho vizito, hizi usifute kwa pupa, angalia moja moja maana kuna watu vyeti vyao vya skani vipo humo tu. Zikishafutwa zinakaa kwenye Trash siku 30 na bado zinakula nafasi, kwa hiyo kama umejaa ingia Trash uimwage palepale. Kwa mdogo wangu mzigo mkubwa ulikuwa video kwenye Photos, hilo nalo tukalifanya.

Kuhusu kuzuia zisije tena. Gmail ina kitu kizuri, ukiwa na anwani jina@gmail.com unaweza kujaza kwenye fomu jina+duka@gmail.com na barua itakufikia vilevile, hivyo unajua kabisa nani kaiuza anwani yako, na unatengeneza filta kwenye "To" ya hiyo hiyo jina+duka, kwisha habari yao. Kuna fomu nyingine zinakataa hiyo alama ya kujumlisha, kwa hizo ni bora uwe na imeili ya pili ya mambo ya hovyo hovyo, ya kwanza ibaki ya kazi, benki na shule peke yake. Wa iPhone wanaolipia iCloud+ wana Hide My Email, inatengeneza anwani ya kupotezea, na Firefox Relay inafanya kazi hiyohiyo, bure unapewa tano. Pia ingia haveibeenpwned.com uandike imeili yako, itakuambia imevuja kwenye mifumo gani, ukikuta ipo badilisha paswedi ya hapo na popote ulipotumia paswedi hiyohiyo.

Utapeli nao. Sote tunaijua ile SMS ya "ile hela tuma kwenye namba hii", na watu wameshaizoea, wanaiforwadi kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli kwa Tanzania, na maisha yanaendelea. Ya kwenye imeili inakamata wengi zaidi kwa sababu inakuja na nembo na saini. Kwanza usiangalie jina, jina mtu anaandika lolote, gusa jina ili uione anwani yenyewe. Ofisi inayodai ni ya serikali ikakuandikia kwa Gmail ya bure, shtuka. Kwenye kompyuta bonyeza vidoti vitatu vya barua chagua "Show original", juu utaona SPF, DKIM na DMARC, hivi ni vipimo vitatu vya kuhakiki barua imetoka wapi, zote zikisema PASS maana yake barua kweli imetoka kwenye hiyo anwani ya baada ya @, zikisema FAIL huenda kuna mtu anaigiza. Lakini PASS haimaanishi mtumaji ni mwema, tapeli anaweza kununua anwani inayofanana na ya benki kwa herufi moja tofauti na yeye akapata PASS zake zote tatu, kwa hiyo soma herufi kwa herufi. Na mwajiri anayekutaka utume ada ya usaili au ya kipimo cha afya kwa namba ya simu, huyo chagua "Report phishing" kwenye vilevile vidoti, usimjibu hata kumtukana.

Wa Yahoo filta iko ndani ya Settings, logiki ni ileile. Wa Outlook nyie mna "Rules" na mna kitu kinaitwa "Sweep", unachagua mtumaji na kusema kila barua yake ikizidi siku 10 ifutwe, au ibaki ya mwisho tu, kwa matangazo ya kila siku inasaidia sana.

Kuna kitu kimoja nataka ukifanye hata kama mengine yote utayaacha. Kwenye kompyuta nenda "See all settings", fungua ukurasa wa "Filters and Blocked Addresses", soma kila filta iliyomo, halafu ukurasa wa "Forwarding and POP/IMAP". Mtu akiingia kwenye akaunti yako mara nyingi hakai humo, anaacha filta moja ndogo, kwamba kila barua yenye neno benki au paswedi itumwe kwake na kwako ifutwe, na hata ukibadilisha paswedi ile filta inabaki inafanya kazi. Ukikuta yoyote usiyoijua futa, badilisha paswedi, washa uthibitisho wa hatua mbili, na toa simu zote usizozijua kwenye orodha ya vifaa.

Halafu Jumamosi moja moja ingia folda ya spamu uipitie kwa macho, dakika tano zinatosha, isizidi wiki nne maana ndo zinafutwa. Mdogo wangu ile nafasi ya kwanza haikurudi, walishachukua mtu. Ila mwezi uliofuata, Jumamosi, akiwa kajilaza kwenye kochi anaskroli spamu kama nilivyomwambia, akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, barua kutoka ofisi nyingine kabisa, imekaa humo siku sita, usaili ni Jumanne. Ukikuta kama hiyo bonyeza "Not spam", mtumaji muweke kwenye kontakti zako, mtengenezee ile filta ya nne, halafu jibu barua saa hiyohiyo.